Cow, Cattle, Ox au Heifer: Ng'ombe Wako Aitweje kwa Kiingereza?

Mfugaji aliyeibiwa hufika kituo cha polisi akasema kwamba zizini mwake wametolewa ng'ombe 12, na akiulizwa ni ng'ombe wa namna gani hujibu bila kusita: mbuguma watano, mitamba watatu, maksai wawili, fahali mmoja na ndama mmoja. Karani akiandika maelezo hayo kwa Kiingereza kuwa "twelve cows", basi kwa maneno mawili tu amemgeuza fahali kuwa jike, amewapa mitamba uzazi ambao hawajaupata, na amewafuta maksai waliokuwa wakilima shamba. Bei ya mtamba mwenye mimba si bei ya ndama, na atakayekadiria fidia kwa kusoma karatasi ile hataona tofauti hiyo. Maelezo sahihi yangekuwa "twelve head of cattle: five cows, three heifers, two oxen, one bull and one calf".

Ugumu unatokana na tofauti moja ya msingi kati ya lugha hizi mbili. Kiswahili kina neno la jumla, ng'ombe, linalomfaa mnyama huyu awe mmoja au kundi, dume au jike, mkubwa au mdogo, na kisha kina maneno mahususi kwa anayetaka kufafanua. Kiingereza cha leo hakina neno la jumla la umoja lililo sahihi kwa kila hali. Kinamlazimisha mwandishi aamue kwanza kama anazungumzia mmoja au wengi, kama ni jike na kama amekwisha kuzaa, na kama ni dume ambalo limehasiwa au la. Kwa hiyo anayetafsiri kutoka Kiswahili hana budi kurudi kwa mwenye habari na kumuuliza, kwa sababu neno ng'ombe peke yake halimpi jibu.

"Cow" au "cattle"?

Kwa maana yake kamili, "cow" ni ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa, yaani yule ambaye kamusi zetu humwita mbuguma. Ni neno la kale sana. Katika Kiingereza cha Kale liliandikwa "cū", na wingi wake ukawa "cȳ", ambao baadaye uliongezewa mwisho mwingine wa wingi ukazaa "kine". Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hukutana na "kine" katika ndoto ya Farao ya ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Neno hilo halitumiki tena katika mazungumzo, na mwandishi wa leo asilitumie isipokuwa ananukuu.

"Cattle" lina historia tofauti kabisa, na kwangu mimi ndiyo historia tamu kuliko zote zinazohusu maneno haya, kwa sababu hapo mwanzo halikuwa jina la mnyama. Liliingia Uingereza kupitia Kifaransa cha Wanormani, ambako "catel" lilikuwa na maana ya mali. Hilo nalo limetoka katika Kilatini cha Zama za Kati, "capitale", yaani mali iliyo kuu, na shina lake ni "caput", kichwa. Kutoka chimbuko hilohilo Kiingereza kimepata "chattel", mali inayohamishika, na "capital", mtaji. Kwa kuwa mali ya mtu wa shamba iliyoweza kuhamishika ilikuwa hasa mifugo, jina la mali likawakalia wanyama, na hatimaye likabaki kwa ng'ombe peke yao. Jambo hili halikutokea huko tu. Katika Kiingereza cha Kale "feoh" lilikuwa mifugo na pia fedha, Walatini walitoa "pecunia", fedha, katika "pecus", mifugo, na kwa Waarabu wa jangwani neno "māl", ambalo sisi tumelipokea kama mali, lilitumika hasa kwa ngamia. Mfugaji wa Kimasai au wa Kisukuma hahitaji kuelezwa sababu yake.

Historia hiyo ina faida kwa anayechagua neno, kwa maana inaeleza tabia mbili za "cattle" zinazowatatiza wengi. Ya kwanza ni kwamba halina umoja, kama ambavyo mali haihesabiwi moja moja: haisemwi "a cattle" wala "three cattles", na kitenzi chake huwa cha wingi, "the cattle are grazing". Ukitaka kuhesabu, unahesabu vichwa, "twenty head of cattle", na neno "head" nalo halichukui alama ya wingi hapo. Ya pili ni kwamba katika maandishi ya zamani "cattle" ni mifugo yote. Katika sura ya 30 ya kitabu cha Mwanzo, katika tafsiri ile ya 1611, "cattle" wa Yakobo na Labani wamo kondoo na mbuzi, na atakayetafsiri kila "cattle" ya karne ya 17 kuwa ng'ombe atakuwa amepotosha habari.

Kosa la upande wa pili hutokea katika habari zetu za leo. Magazeti ya Kiswahili huandika wizi wa mifugo, na wanaotafsiri huandika karibu kila mara "cattle rustling". Kama walioibwa ni ng'ombe, tafsiri hiyo ni sawa. Lakini katika kaunti za kaskazini mwa Kenya wanaoswagwa mara nyingi ni ngamia na mbuzi, na hapo "livestock theft" au "stock theft" ndiyo inayosema kweli.

Je, ni kosa kumwita ng'ombe yeyote "cow"? Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza na Wamarekani wa mjini hufanya hivyo kila siku, na mtoto anayeonyesha kidole dirishani mwa gari na kusema "cow" hahitaji kusahihishwa. Ninavyoona mimi, mpaka uko hapa: pale ambapo jinsia na umri wa mnyama vina uzito, kama vile katika mkataba wa mauzo, hati ya bima, cheti cha daktari wa mifugo, ushahidi wa mahakamani au takwimu za ufugaji, "cow" litumike kwa mbuguma tu, na kundi liitwe "cattle". Kwingineko uhuru upo.

"Ox", "bullock" na "steer"

Maneno haya matatu yote humhusu dume aliyehasiwa, ambaye kwa Kiswahili ni maksai, na hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu zaidi, kwa kuwa kinachoyatenganisha ni kazi ya mnyama na nchi anamoishi.

"Ox" ni mnyama wa kazi. Mkulima wa Usukuma au wa Teso anayefunga maksai wawili kwenye nira ili wavute plau ana "a pair of oxen", na plau lenyewe ni "ox-plough". Maofisa wa kilimo wa Tanzania wanaposema wanyamakazi huwajumuisha na punda, kwa hiyo kwa neno hilo "draught animals" linafaa zaidi kuliko "oxen". Wingi wa "ox" ni masalia ya sarufi ya zamani. Kiingereza cha Kale kilikuwa na majina mengi yaliyofanya wingi kwa mwisho wa namna hii, na leo "oxen" limebaki karibu peke yake, kwani "children" na "brethren" yaliongezewa mwisho huo baadaye. Mji wa Oxford umepata jina lake kwa wanyama hawa, maana ni mahali ambapo ng'ombe walivuka mto kwa miguu.

"Steer" ni mnyama wa nyama, na ni neno la Amerika Kaskazini zaidi kuliko la Uingereza. Dume huhasiwa angali mdogo, hunenepeshwa, kisha huuzwa machinjioni. Wamarekani wenye wanyama wa kukokota huwa wanamwita dume anayefunzwa "working steer" mpaka afikishe umri wa miaka minne hivi, na ndipo anapostahili kuitwa "ox". Mwenye kusoma Kijerumani na aangalie, kwa sababu ndugu wa neno hili katika lugha hiyo, "Stier", ni fahali asiyehasiwa. Tena kitenzi "to steer", kuongoza chombo, ni neno jingine lenye asili yake, na limefanana na hili kwa sura tu.

"Bullock" kwa asili lilikuwa fahali mdogo, "bulluc" ya Kiingereza cha Kale, lakini baadaye Waingereza wakalihamishia kwa aliyehasiwa. Huko Uingereza linashika nafasi ya "steer" ya Wamarekani, na huko India ndilo jina la mnyama wa kukokota, kiasi kwamba mkokoteni wake ni "bullock cart". Kwa hiyo, ukiandika kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuhusu maksai wa kulimia, chagua "ox". Ukiandikia soko la nyama la Marekani, chagua "steer". Ukitafsiri kitabu cha India, "bullock" libaki maksai bila wasiwasi.

Kuna mtego mmoja mkubwa katika "ox". Biblia ya 1611 inalitumia neno hili kila mahali: usimtamani "ox" wa jirani, usimfunge kinywa "ox" apurapo nafaka. Tafsiri za Kiswahili zimeandika ng'ombe, na kuna anayeweza kudhani kwamba maksai lingekuwa neno makini zaidi. Sivyo. Katika Kiingereza cha zama zile "ox" lilimhusu ng'ombe kwa jumla, na neno la Kiebrania lililo nyuma yake halimaanishi aliyehasiwa. Isitoshe, kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 22, kinakataza waziwazi kumtolea Mungu mnyama aliyeharibiwa mapumbu, ilhali "oxen" wanatajwa tena na tena miongoni mwa wanyama wa sadaka. Watafsiri wetu walichagua vema.

"Bull"

Fahali hana utata mwingi. "Bull" ni dume mzima asiyehasiwa, na "fahali wawili hawakai zizi moja" lazima liwe "bulls", kwa sababu maksai wawili hukaa zizi moja miaka mingi, tena chini ya nira moja.

Mahali pa kuangalia ni "bullfight". Msomaji wa Ulaya akiona neno hilo humkumbuka Mhispania mwenye kitambaa mbele ya fahali. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambao wengi huuhusisha na Wareno, unakaribiana na picha hiyo kwa kuwa mtu ndiye anayemchokoza mnyama, ingawa mnyama hauawi. Lakini kule Kakamega, magharibi mwa Kenya, kwa Waisukha na Waidakho, ni fahali kwa fahali, na watu ni watazamaji. Kwa Kiingereza yote mawili huitwa "bullfighting", basi mwandishi aongeze sentensi moja ya maelezo, la sivyo wasomaji wa mbali wataelewa kinyume.

"Heifer" na sura ya Al-Baqara

"Heifer", ambalo hutamkwa hefa licha ya tahajia yake, ni mtamba: jike aliyekua ambaye hajazaa. Liliandikwa "heahfore" katika Kiingereza cha Kale, na wanaisimu bado wanabishana kuhusu sehemu zake. Katika ufugaji wa maziwa ni neno la fedha. Mashamba ya Tanzania ya kuzalisha mitamba yanauza "heifers", na mtamba mwenye mimba ni "in-calf heifer", maneno ambayo mnunuzi hutaka kuyaona kwenye karatasi. Baadhi ya wafugaji wa Kiingereza huendelea kumwita "first-calf heifer" hata baada ya kuzaa mara ya kwanza, na humpandisha daraja kuwa "cow" anapozaa mara ya pili. Sisi huacha kumwita mtamba mara tu anapozaa, na mkataba unaohusisha pande hizi mbili ungefaa kueleza ni kipimo gani kinachotumika.

Uchaguzi kati ya "cow" na "heifer" umeingia pia katika tafsiri za Kurani. Sura ya pili, Al-Baqara, huitwa katika tafsiri nyingi za Kiingereza "The Cow", lakini Abdullah Yusuf Ali, ambaye tafsiri yake ilitoka katika miaka ya 1930, aliita "The Heifer". Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kama sura ya Ng'ombe. Kisa chenyewe ni cha Nabii Musa kuwaamuru watu wake wachinje ng'ombe, nao wakauliza swali juu ya swali kuhusu umri wake na rangi yake. Katika aya ya 68 wanajibiwa kwamba si mzee wala si kijana, bali ni wa katikati ya hayo, na neno la Kiarabu lililotumika kwa yule kijana ni "bikr", lilelile tulilolipokea kama bikira. Sasa, kama mnyama si "bikr", ni vigumu kumwita mtamba, na "heifer" kwa maana yake kamili ni mtamba. Huenda mfasiri alitaka kuonyesha mnyama ambaye bado ana nguvu zake na ambaye, kama aya ya 71 inavyosema, hajatiwa katika kazi ya kulima. Hata hivyo, kwa kuzingatia aya yenyewe, naona "cow" linakaa sawa zaidi. Ng'ombe wa Kiswahili linakaa sawa kuliko yote mawili, kwa kuwa neno lenyewe halitaji umri, na aya zinazofuata zinapata nafasi ya kumfafanua mnyama hatua kwa hatua kama zilivyokusudia.

Nje ya zizi

Waongoza watalii wetu wanayahitaji maneno haya hata pale ambapo hakuna ng'ombe. Kwa wanyama wakubwa Kiingereza hukopa majina ya zizini: tembo dume ni "bull", jike ni "cow", mtoto ni "calf", na ndivyo ilivyo kwa nyati, twiga, kifaru, kiboko, pofu na hata nyangumi. Utaratibu huo hauwahusu swala wadogo, wala simba, ambaye mtoto wake ni "cub". Kumwita tembo jike "female elephant" si kosa, lakini "cow elephant" ndiyo lugha ya wanaozijua mbuga.

Kuna maneno mengine yanayofanana na haya bila udugu ulio wazi. "Calf" ya mguuni, yaani shavu la mguu, inadhaniwa kutoka katika Kinorse cha kale, lugha ya Waskandinavia wa zamani, na haimaanishi ndama, kwa hiyo mazoezi ya "calf muscles" yasiandikwe kuwa ya misuli ya ndama. "Coward", mwoga, limetoka katika Kifaransa cha zamani kwa neno lenye maana ya mkia. "Bull" ya Papa ni hati iliyopewa jina la muhuri wake, "bulla" kwa Kilatini. Na "cowrie" ni neno lililotoka India, ndugu wa kauri yetu.

Matusi nayo yanataka uangalifu, kwa maana "ng'ombe wewe!" humshutumu mtu kwa upumbavu, awe mwanamume au mwanamke, ilhali "you cow" katika Kiingereza cha Uingereza huelekezwa kwa mwanamke, na hulaumu roho mbaya kuliko akili ndogo. Aliyetukanwa kwa Kiswahili ameambiwa "you fool", na tafsiri iandike hivyo, hata kama mnyama atapotea njiani.

Mezani

Kwa Kiswahili nyama hubeba jina la mnyama wake, nyama ya ng'ombe, nyama ya ndama. Kwa Kiingereza mnyama akishachinjwa jina lake hubadilika: nyama ya ng'ombe ni "beef" na ya ndama ni "veal", maneno yote mawili ya Kifaransa yaliyoingia baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mara nyingi husimuliwa kwamba mchungaji Mwingereza alibaki na majina ya wanyama walio hai na bwana Mfaransa akawa na majina ya vyakula, na mwandishi Walter Scott aliieneza sana hadithi hiyo mwaka 1819. Ina ukweli ndani yake, ila imerahisishwa, kwani kwa karne nyingi "beef" lilitumika pia kwa mnyama aliye hai, na wingi wake ukawa "beeves". Ajabu ni kwamba "cow" na "beef" ni maneno ya shina moja la kale. "Beef" limetoka katika "bovem" ya Kilatini, na lugha za Kijerumani na Kilatini zilipoachana kila moja ililipeleka shina hilo kwa sauti zake, mpaka yakakutana tena kisiwani Uingereza bila kutambuana.

Kwa mwenye kuandika orodha ya vyakula, "cow meat" haifai, na "beef" linatosha bila kujali mnyama alikuwa mbuguma au maksai. Viungo havifuati kanuni moja: mkia ni "oxtail" na ulimi ni "ox tongue", wakati makongoro ni "cow heel". Majina hayo yamekaa yalivyo kwa mazoea ya wachinjaji, na hakuna njia ila kuyajua.

"Beef" lina maana nyingine, ya ugomvi, iliyoanzia katika lugha ya mitaani ya Marekani kwa maana ya kulalamika, na ndiyo iliyotufikia sisi. Bifu ya Kiswahili ni uhasama, hasa kati ya wasanii wa muziki, na haijawahi kuwa nyama. Anayeirudisha kwa Kiingereza anaweza kuandika "beef" katika habari za burudani. Katika ripoti rasmi aandike "feud".